Maswali ninayoulizwa kila siku kuhusu kazi ya kuchambua sera za uhamaji, hapa Lamu na Malindi

Asalaam aleikum nyote. Haya ni maswali watu huniuliza jetini Mokowe, barazani Langoni, kwa matatu ya kwenda Malindi, na zaidi kwa wasap. Nimeyajibu vile ningemjibu mtu tumekaa naye kwa kahawa, na mengine nimeyajibu marefu kwa sababu ndo yaliyoko moyoni.

Kwani wewe kazi yako ni gani hasa?

Mimi ni mchambuzi wa sera za uhamaji. Naangalia watu wanaohama, wanaokimbia, wanaorudi na wanaozuiwa kwenda, afu naangalia sheria na mipango ya serikali yasema nini juu yao, afu nauliza kama hivi viwili vinakutana. Mara nyingi havikutani. Sheria imeandikwa Nairobi na mtu ambaye akisikia mkimbizi anaona kambi ya Dadaab, na huku kwetu mtu amekuja kwa mashua kutoka upande wa Ras Kiamboni, ng'ambo ya mpaka Somalia, akafikia kwa shangazi yake Kizingitini, anaongea Kibajuni kama mwenyeji, watoto wake wanaenda chuoni, yaani madrasa, na wa jirani, na hana karatasi hata moja inayomtambua. Huyo ndo mtu wangu. Nataka aonekane kwa maandishi vile alivyo, si vile fomu inataka awe.

Kwaivo uko Imigresheni? Waeza nisaidia na pasi?

La. Sina muhuri wala sina mtu wa ndani. Uhamiaji ni ile idara inayotoa pasi, viza na pamiti za kazi. Uhamaji ni jambo lenyewe, watu kutoka hapa kwenda pale. Ukitaka pasi nenda kwa mtandao wa serikali wa eCitizen, na ukiambiwa na mtu yeyote kwamba kuna pesa ya juu ya kuharakisha, usitoe.

Mkimbizi, mkimbizi wa ndani, mhamaji, si wote ni watu waliohama tu?

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, sababu neno moja likikosewa mtu analala njaa.

Mkimbizi ni mtu aliyevuka mpaka wa nchi kwa kuogopa kuteswa kwa sababu ya dini, kabila, siasa na kadhalika. Hiyo imetoka kwa mkataba wa dunia wa 1951 na itifaki yake ya 1967. Afrika tukaongeza yetu mwaka wa 1969 chini ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, tukasema hata anayekimbia vita au fujo kubwa iliyovuruga usalama wa watu naye ni mkimbizi, hata kama hakuna aliyemtafuta yeye kwa jina. Sheria ya Kenya ya wakimbizi ya 2021 imebeba zote mbili.

Mkimbizi wa ndani hajavuka mpaka wowote. Amekimbia nyumba yake lakini bado yuko nchini mwake, na Kenya ina sheria yake kando, ya 2012. Mpeketoni, hapa Lamu, iliposhambuliwa Juni 2014 na familia zikatoka usiku na magodoro kichwani, hao ni wakimbizi wa ndani. Watu wa Pandanguo waliokimbia Julai 2017, hivohivo. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, haiwezi kuwapa kadi ya mkimbizi, na aliyewaambia wakaipange foleni hiyo aliwapotezea siku bure.

Mhamaji sasa, hilo neno halina tafsiri moja ya kisheria dunia nzima. Kila shirika lina yake. Ndo maana ripoti mbili zaweza kusema "wahamaji" na zinaongelea watu tofauti kabisa.

Afu kuna wale ambao kwangu ni wagumu zaidi kuliko wote, ambao hawaingii kisanduku chochote. Miaka ya 1960 vita vya Shifta, vya serikali na wapiganaji waliotaka kujitenga wajiunge na Somalia, viliwatoa Wabajuni wengi kwenye vijiji vya kaskazini, wakashuka Lamu, Malindi, Mombasa, na wengi hawakurudi tena. Wajukuu zao wako hapa leo, wamezaliwa hapa, wameoa hapa, lakini shamba la babu liko kule na hati ya shamba haiko popote. Utawaita nani hao? Sheria ya 2012 ikisomwa sawasawa wangepata mahali, lakini nani atathibitisha, na kwa karatasi gani.

Siku yako ya kazi inakuwaje?

Nusu ni laptopu. Kusoma sheria, miswada, gazeti rasmi la serikali, kupanga data kwa Eksel, kuandika brifu ya kurasa mbili ambayo inachukua wiki mbili kwa sababu kila sentensi yapaswa kusimama ukiulizwa. Hiyo sitaieleza sana.

Nusu ingine ni njia. Kuna siku moja tulikuwa Hindi, mji wa hapa Lamu upande wa bara, na fomu ya kwenye simu, tunauliza familia zilizohama. Swali la tisa lilikuwa "sababu kuu ya kuhama, chagua moja", na chini yake usalama, ardhi, kazi, elimu, ukame, mafuriko. Mama mmoja akakaa kwa kiti cha plastiki, akafungua pindo la leso, akatoa mfuko wa nailoni umekunjwa mara nne, ndani mna kadi ya kliniki ya mtoto, barua ya chifu ya miaka mingi imechanika kwa mikunjo, na risiti ya kodi ya nyumba ya mwezi mmoja tu. Akaniambia tulitoka kwa kuogopa, tukaenda kwa ndugu, kwa ndugu shule ikawa mbali, tukahama tena, afu mume akapata kibarua bandarini, tukahama tena, sasa kibarua kimeisha na mwenye nyumba ataka nyumba yake. Wewe wataka niseme ipi?

Simu haikuniruhusu kwenda mbele mpaka nichague moja. Nikachagua usalama. Jioni nikahesabu, karibu kila familia tumeiandika "usalama" kwa sababu ndo jibu la kwanza mtu husema, na kama ile ripoti ingetoka vile, Nairobi wangesoma kwamba Hindi yahitaji askari zaidi basi, na mama yule alikuwa anahitaji shule ya karibu na mkataba wa nyumba. Tukabadilisha fomu, kila uhamaji ukapata mstari wake na sababu zake zote. Kazi iliongezeka mara tatu na tulirudi nyumba zote upya. Sijutii hata kidogo.

Mbona serikali yasema nambari hii na mashirika yasema ile?

Kwanza angalia wamehesabu nani na lini. Sensa ya 2019 yasema Lamu kuna watu 143,920 na Kilifi 1,453,787, na walihesabiwa kulingana na mahali walipolala usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Mtu wa bara haoni shida hapo. Mtu wa pwani aiona mara moja: Agosti ni kusi, bahari chafu. Ikifika kaskazi, bahari ikitulia, wavuvi wanapanda dago, yaani uvuvi wa msimu wa kupiga kambi, kutoka Vanga na Pemba mpaka huku kwetu, wanakaa miezi kambini ufukweni, wanauza, wanakopa, wanaugua, wanaoa. Agosti wengi wao hawako. Sio kwamba sensa imedanganya, imehesabu ilichohesabu, lakini ukiitumia kupanga zahanati ya Kiunga bila kumuuliza mvuvi utakosa dawa Januari.

Dunia nzima nayo, Umoja wa Mataifa ulikadiria wahamaji wa kimataifa milioni 304 mwaka wa 2024. Wanaohesabiwa humo ni watu wanaoishi nchi wasiyozaliwa au wasiyo raia wake, kwaivo mama wa Hindi hayumo kabisa, ingawa amehama zaidi ya wengi waliomo.

Ile nafasi 250,000 za kazi Ujerumani ni kweli? Kijana wangu ataka kuuza ng'ombe.

Asiuze, tafadhali. Hili swali nimeulizwa na watu wengi sana.

Mkataba upo, ulisainiwa Berlin tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani, kuhusu wafanyakazi wenye ujuzi na pia kuhusu kuwarudisha Wakenya ambao hawana ruhusa ya kukaa kule. Ile nambari ya laki mbili na nusu ilienea kwa habari na kwa mitandao, na wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani yenyewe ilitoka ikasema si kweli, mkataba hauna idadi yoyote. Anayetaka kwenda bado anahitaji Kijerumani, cheti kinachotambulika, na mwajiri au nafasi ya mafunzo. Mkataba unafungua njia, haumpi mtu tiketi.

Na hapa ndo unaona kazi yetu ina maana gani kwa mtu wa kawaida. Mkataba ni karatasi inayosomeka. Kama mtu mmoja angeusoma na kuueleza kwa Kiswahili siku ile ile kwa redio za hapa Malindi, madalali wasingepata ile wiki ya kwanza ya kukusanya pesa za "fomu".

Binti yangu ameitwa Saudia. Nikague nini?

Ajenti awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na usikubali picha ya cheti kwa simu, angalia mwenyewe kwa orodha yao. Mkataba ausome kabla ya kusaini na abaki na kopi. Kopi ingine ibaki nyumbani na wewe mama, pamoja na kopi ya pasi na nambari ya mwajiri.

Afu linganisha kazi iliyoandikwa kwa mkataba na ile iliyoandikwa kwa viza. Nilikaa na familia moja Malindi, mtaa sitautaja, mkataba wa msichana ulikuwa wasema saluni, wameupigia chapa vizuri na muhuri juu. Viza yake kwa Kiarabu ilikuwa yasema mfanyakazi wa nyumbani. Mjomba wake alisoma madrasa, ndiye aliyeona, vidole vyake viko juu ya hilo neno na hasemi kitu. Msichana alikuwa asafiri Ijumaa na leo ilikuwa Jumatano. Hawakumpeleka, pesa waliyolipa haikurudi yote. Kwenye nchi zenye kafala, ukaazi wako umefungwa kwa mwajiri wako, kwaivo ukifika ukakuta kazi si ile, kuondoka tu kwa ile nyumba kwaweza kukufanya mkosaji. Mtu akidanganywa kuhusu kazi ili apelekwe akatumikishwe, Kenya tuna sheria ya 2010 ya kupinga biashara ya binadamu, na inamshika hata aliyempeleka akiwa bado hapa. Watu wengi hawajui hiyo, wanaenda polisi kulalamikia "deni" tu.

Sisemi watu wasiende. Mwaka wa 2024 Wakenya wa nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 kulingana na Benki Kuu, na kuna nyumba za mawe mjini hapa zimesimama kwa pesa hiyo. Nasema aende akijua.

Wakimbizi wanaruhusiwa kufanya kazi Kenya?

Ndio, sheria ya 2021 yawaruhusu kufanya kazi na biashara. Lakini kuruhusiwa na kuweza ni vitu viwili. Bado wanapaswa kukaa maeneo yaliyotengwa, na kutoka huko wanahitaji kibali, sasa mtu amefungiwa Dadaab kazi ataipatia wapi? Mwaka 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, ambao wataka kambi za Dadaab na Kakuma zigeuke miji ambapo wakimbizi na wenyeji wanatumia shule na hospitali zilezile. Mimi naupenda huo mwelekeo. Dadaab ilianza 1991, mtoto aliyezaliwa pale mwaka ule ni mzazi sasa, huwezi kuendelea kumpa mgao wa unga ukamwita wa muda.

Ila nauliza kila mkutano: na wakimbizi wasiokuwa kambini? Wabajuni waliokuja kutoka Somalia 1991 na miaka iliyofuata wengi hawakuwahi kuishi Dadaab. Wengine walipitia kambi za hapa pwani, ikiwemo ile ya Marafa nyuma ya Malindi, kambi zikafungwa miaka ya 1990 na watu wakasambaa kwa jamaa zao. Mpango wa kambi mbili hauwafikii hawa.

Wapemba walipata vipi uraia?

Kwa kusubiri sana na kwa kuhesabika. Ni wavuvi, wazee wao walikuja kutoka Pemba zamani, wakatulia Kwale, Mombasa, Kilifi, watoto na wajukuu wakazaliwa hapa bila kipande, yaani kitambulisho. Bila kipande huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, huna akaunti ya benki, mtoto akimaliza shule anakwama, na boti za doria zikikukuta baharini wewe ni mgeni. Wamakonde, jamii ingine iliyokuwa haina uraia, walitangulia, walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale Oktoba 2016 kwenda kumuona Rais, na mwaka uliofuata wakaanza kupewa vitambulisho. Wapemba walitambuliwa Julai 2023, Kilifi.

Kabla ya hapo kulikuwa na miaka ya kuandika majina: nyumba kwa nyumba, huyu alizaliwa lini, mkunga alikuwa nani, babu alifika na jahazi la nani. Serikali yoyote ikiambiwa "kuna jamii haina uraia" inauliza ni wangapi na ushahidi uko wapi. Nambari ilikuwepo. Uchambuzi mara nyingi ni hicho tu, kitabu cha majina kilichoandikwa kwa subira.

Vetingi ya vipande si imeondolewa?

Februari 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba ule ukaguzi wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani umekwisha. Ni jambo kubwa kwa Lamu, kijana wa Kiunga na wa Nyeri sasa wanapaswa kupita mlango mmoja. Tunachofanya ni kufuatilia ofisini: aliomba lini, alipata lini, aliulizwa nini. Kama uliomba kipande tangu wakati ule na ukaambiwa ulete mzee wa kukushuhudia, niandikie.

Na Waitaliano wa Malindi, hao pia ni wahamaji?

Ndio. Wamo kwa hesabu kama wengine. Wengi walianza kuja miaka ya 1960 wakati kituo cha kurusha setilaiti cha San Marco kilipojengwa Ngomeni, na leo wastaafu wengine wako na pamiti ya daraja la K, ya mtu mwenye kipato chake cha nje asiyetafuta ajira hapa. Nawataja kwa semina kila mara ili vijana waone uhamaji sio umaskini peke yake.

Mvuvi ambaye nyumba yake haijaguswa, naye anakuhusu vipi?

Ananihusu sana. Bandari ya Lamu ilifungua gati ya kwanza Mei 2021, na kabla yake mlango wa bahari ulichimbwa, mikoko ikakatwa, sehemu za kuvulia zikafungwa. Mahakama Kuu mwaka wa 2018 iliagiza wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Nyumba zao ziko palepale Langoni na Matondoni, lakini kazi yao imehamishwa, na mwenye mashua ndogo hawezi kuifuata bahari kuu. Baada ya miaka unamkuta mtoto wake Mombasa anaendesha bodaboda na ukimuuliza kwa nini ulihama atakwambia "kutafuta maisha". Fomu yaandika: kazi. Bandari haitajwi popote. Mimi nataka itajwe.

Ripoti zenu husomwa na nani kweli?

Wachache, kwaivo unachagua nani. Karani wa kamati ya bunge anayeandaa maswali ya wabunge ana thamani kuliko waziri, kwa sababu yeye atasoma. Mawakili pia wanasoma. Serikali ilipotangaza Mei 2016 kwamba itaifunga Dadaab, kesi ikaenda Mahakama Kuu, na Februari 2017 jaji akasema amri ile yaenda kinyume na katiba. Kesi za namna hiyo zinataka ushahidi, na ushahidi mtu lazima awe ameukusanya mapema, kabla hajajua utahitajika. Na ukiwa mwananchi unataka takwimu kutoka ofisi ya umma, Ibara ya 35 ya katiba na sheria ya 2016 zakupa haki ya kuomba. Andika barua, weka tarehe, bakisha kopi.

Nisome nini nikitaka kazi hii?

Sheria, takwimu, jiografia, sosholojia, uchumi, yoyote itakufaa. Jifunze takwimu hata kama hazikuvutii. Jifunze kusoma sheria mwenyewe, kifungu kwa kifungu, usitegemee muhtasari. IOM, shirika la uhamaji la Umoja wa Mataifa, ina kituo cha mafunzo Moshi, Tanzania, kinachofunza maafisa wa mipaka, na vifaa vyao vyasaidia. Lugha nazo: Kibajuni, Kiorma na Kisomali hapa Lamu zitakufikisha mahali digrii haikufikishi. Malipo hutegemea mradi, mikataba ni mifupi, na kuna miezi ya ukame, huo ndo ukweli.

Nikikueleza mambo yangu, jina langu litatoka?

Halitatoka. Sheria ya kulinda data ya 2019 yanibana, lakini hata bila sheria nisingelitoa. Sipigi picha nyuso, siandiki jina la nyumba kwa fomu, na kijiji kikiwa kidogo sana naandika tarafa. Ukibadili mawazo kesho nafuta.

Na mtarudi kutwambia mlichoandika?

Hili ndo huulizwa na wazee, kila mahali, na wana haki, maana wamehojiwa na watu wengi wakaondoka na boti na hawakuonekana tena. Mimi hurudi kabla ya kupeleka ripoti. Naandika ukurasa mmoja wa Kiswahili, nausoma kwa sauti, watu wanasahihisha. Mara ya mwisho, kisiwani Ndau, nilisoma "familia 36 zimehamia hapa", mzee mmoja akainua mkono akasema hapana, akaanza kuzitaja moja moja kwa majina ya mama wa nyumba, vidole vikaisha akaendelea na vya jirani yake, akafika 41. Zile tano zilikuwa wajane wanaoishi uani kwa watu, na sisi tulibisha milango ya mbele tu. Tulizunguka nyuma mchana ule ule, tukawaandika.